Upande wa Pili wa Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kanipa daftari hili. Kasema, "Mama, hofu zako uziandike humu. Ukinipigia simu mara tano kuniuliza kama nimekula, wageni wananitazama pale mapokezi." Yeye yuko hoteli ile kubwa, anapokea wageni na kuwapa funguo.

Haya, naandika. Niliishia darasa la tano na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini daftari halicheki. Mvua imeanza leo alfajiri. Sijui kama kala.

Alhamisi, 6 Machi

Niseme kazi yangu, maana daftari halijui. Kiwanda chetu kinafua nguo za hospitali. Shuka, blanketi, mashati ya wagonjwa, na vile vitambaa vya kijani wanavyomfunika mtu akipasuliwa. Mimi niko chumba cha kukunja. Tunakunja wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule, na mwenzangu ni Bi Kidoti. Tunamwita hivyo kwa kidoti chake cha kidevuni. Miaka kumi na moja tumesimama mimi na yeye, shuka katikati.

Wakati wa mvua chumba kinajaa mvuke wa mashine za kukaushia. Wanawake wa mbali wanageuka vivuli, wanaonekana mikono tu. Shuka likipanda baina yetu simwoni Bi Kidoti, naona weupe. Likishuka namwona, anacheka na kitu alichokuwa anakiwaza huko nyuma yake. Kuna siku nasahau kama niko kazini. Nadhani niko ndani ya wingu na kuna mtu kanishikia upande wa pili.

Jumanne, 11 Machi

Meneja mpya kaja. Kijana, shati limenyooka kama limekunjwa na sisi. Kabandika karatasi nne ukutani kabla ya saa nne. Bi Kidoti kaniuliza, "Zimeandikwaje, mdogo wangu?" Nikamsomea. Kasema, "Basi huyu ni Karatasi." Jina limekaa papo hapo, mpaka mchana chumba kizima kinamwita hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mguu wa kushoto unauma.

Jumatano, 19 Machi

Karatasi katugawia fomu. Swali la kwanza: Unajiona sehemu ya kampuni kwa kiasi gani? Uweke moja mpaka tano. La pili: Je, ungependa kuendelea kuitumikia kampuni hii? Moja mpaka tano.

Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Kampuni ni nani? Mwenye mali yuko mji mwingine, sijawahi kumtia machoni. Nikimwaza naona mlango umefungwa.

Bi Kidoti kaniambia nimjazie na yeye, miwani kaisahau. Nikamuuliza, "Ungependa kuendelea, dada?" Kasema, "Wewe umeweka ngapi?" Nikamwambia nne. "Basi na mimi nne. Nikae hapa peke yangu nikunje na nani, na mzimu?"

Jumapili, 23 Machi

Binti yangu kaja na habari iliyonikosesha raha kwa uzuri wake. Hoteli inafungua jengo jipya mwishoni mwa Mei. Wanataka mwanamke mzoefu wa kusimamia chumba cha nguo, na yeye kanisemea kwa mkuu wa huko. Chakula hapo hapo, basi la wafanyakazi linakuja mpaka kona yetu, hakuna shuka lenye damu.

"Mama, utakuwa karibu na mimi. Utaniona nimekula kwa macho yako."

Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Unafikiri nini sasa? Miaka kumi na moja mvuke unakuingia kifuani." Ni kweli nakohoa. Nimemwambia nitatoa jibu kabla mvua hazijaisha. Amekunja uso, kisha kanikumbatia.

Jumatatu, 31 Machi

Leo Karatasi kavunja jozi.

Kasimama kwenye kiti ili aonekane juu ya mvuke. Kasema hospitali zinalalamika tunachelewa, na makosa yakitokea hajulikani aliyekosea. Kuanzia leo kila mtu na meza yake, kila mtu na vibandiko vya namba yake, kila furushi libandikwe namba ya aliyelikunja. "Nataka kila mmoja wenu aonekane kwa kazi yake, akina mama." Nadhani alitaka tupige makofi.

Mimi ni sita, Bi Kidoti ni saba. Meza yake wameisogeza mpaka dirishani, hatua kama ishirini. Nikakamata shuka la kwanza, nikainua kona mbili na kuzisogeza mbele kama kawaida, zipokewe. Nimesimama hivyo sijui muda gani. Shuka linaning'inia, mikono mbele, kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mtu asiyekuwepo.

Jumatano, 2 Aprili

Kukunja peke yako unatumia kidevu. Kidevu kinauma. Hakuna anayeongea, sauti ni ya mashine na ya mvua kwenye bati.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeota nakunja shuka lisilo na mwisho. Nalivuta linakuja, nalivuta linakuja, jeupe, limelowa, linapita mlangoni linashuka barabarani. Nikijua kuna mtu analiachia taratibu huko mwisho. Nikaita, hakujibu, ila shuka likalegea kidogo, kama mtu akikuitikia kwa mkono. Nimeamka na furaha nisiyojua ya nini.

Alhamisi, 10 Aprili

Furushi nane za kijani zimerudishwa kutoka chumba cha upasuaji. Namba saba zote.

Vitambaa hivi vina uzi mweusi kwenye kona moja. Unakunja ili kona yenye uzi ikae juu kabisa, sista aishike hiyo tu na kitambaa kifunguke chenyewe, ule upande wa ndani usiguswe na mkono wa mtu. Furushi za Bi Kidoti uzi uko ndani. Ukifungua inabidi kuutafuta, na ukiutafuta umeshakigusa kitambaa kote, hakifai tena.

Karatasi kamwita ofisini. Akatoka. Nikamfuata chooni. "Dada, umekuwaje? Uzi huuoni?"

"Nilikuwa na haraka."

Bi Kidoti hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemkasirikia. Naandika ili itoke.

Wakati wa chakula, wengine wakienda kukaa barazani, mimi nafungua furushi zake na kuzikunja upya. Leo ni siku ya tatu. Yeye anakaa anatazama mvua dirishani, mikono mapajani. Najiuliza, miaka kumi na moja huyu mtu nilikuwa nimembeba? Uzi nilikuwa naushika mimi. Tundu kwenye shuka nilikuwa naliona mimi. Yeye alikuwa anacheka tu huko ng'ambo. Binti yangu kapiga simu kuuliza jibu, nikakaribia kusema ndiyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeaibika.

Zimekuja shuka za wodi kubwa, zile pana. Wengine wanazikunja vizuri tu siku hizi. Mimi nimezikunja nne na zote zimekaa kombo, kama zimelaliwa na mbwa. Nikajaribu la tano polepole, nikaangalia mikono yangu. Mikono inajua kushika kona, inajua kwenda mbele. Kuvuta haijui. Kulinyoosha shuka likakaza, likapiga ule mlio wake, kupa!, haijui kabisa.

Nikamwendea Bi Kidoti dirishani. "Dada, nani alikuwa anavuta?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Mimi ndiye navuta. Wewe huwa unakuja tu."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Ungevuta na wewe si tungechana shuka za watu?"

Tukacheka mpaka yule wa meza ya tatu akatunyamazisha kwa kidole. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, akitazama nje. Macho yanamwendea vibaya tangu mwaka juzi. Weupe anauona. Uzi mweusi juu ya kijani kibichi hauoni hata ukiuleta puani. "Tukiwa wawili sikuwa nahitaji kuuona. Uzi ulikuwa kwako. Mimi nilichohitaji ni kusikia unavyopumua, najua umefika wapi."

Nami nilimhesabia kosa. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 24 Aprili

Karatasi kabandika karatasi ya sita: mwenye namba yoyote atakayerudishiwa furushi kumi na mbili mwezi huu ataachishwa kazi. Saba anazo nane tayari.

Mimi sina hata moja. Leo mchana sikupata muda wa kukunja upya vitambaa vya Bi Kidoti, dereva wa kupeleka mzigo hospitali alikuwa anapiga honi. Nikabandua vibandiko vya saba, nikabandika sita.

Jumanne, 29 Aprili

Zimerudi nne. Sita, sita, sita, sita. Dereva kaniambia, "Mama sita, leo umelala?" Nikasema mguu.

Mwezi unaisha. Namba zinaanza upya kesho kutwa, naye bado yuko kazini. Nimelala mchana nikiwa nimesimama, kichwa juu ya rundo la mashati yenye joto. Nimeona mto mweupe unapita katikati ya chumba na sisi sote tumekaa kandokando, miguu ndani.

Jumanne, 6 Mei

Limetokea.

Leo sista wa chumba cha upasuaji kaja mwenyewe, kalowa mabega, na furushi moja mkononi. Jana mgonjwa alikuwa ameshalazwa mezani, tayari, wakafungua kitambaa, uzi ndani. Wakafungua cha pili, uzi ndani. Ikabidi wamsubirishe wakatafute vingine jengo la pili. Mgonjwa mzima, kapona, sista alisema hivyo mara mbili nilipomshika mkono. Lakini ni mama, kasema. Mama mwenye umri wako. Nikaiona miguu yake chini ya shuka, inasubiri.

Kibandiko ni sita, cha siku ile dereva alipopiga honi.

Sijaweza kula. Nilidhani namlinda mtu mmoja, kumbe nimemweka mtu mwingine hatarini. Kwa nini sikusema mapema? Nilikuwa naona aibu ya Bi Kidoti tu. Yule aliyelala pale mwisho wa kitambaa sikumwona.

Karatasi hakupiga kelele. Kasema tu, "Alhamisi saa nne, chumba kizima. Namba sita utaeleza mbele ya wenzako."

Nikafika nyumbani, binti yangu kwenye simu: "Mama! Mkuu wa chumba cha nguo anataka kukuona. Alhamisi, saa nne kamili. Uvae lile gauni la bluu."

Nikasema sawa. Nimesema sawa kote kuwili.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kutwa. Nimelipiga pasi gauni la bluu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelivaa gauni la bluu, nimekwenda nalo kiwandani.

Kituoni basi la kuelekea hotelini lilifika kwanza. Kondakta kaniuliza, "Unapanda, mama?" Nikamwambia ngoja. Nilikuwa nawaza hivi: nikipanda, namba sita imekwisha, hayupo wa kuulizwa, na Bi Kidoti abaki na saba yake safi mpaka furushi lijalo lirudi. Halafu nani atajua kuwa ni macho? Wataendelea kupeleka uzi ndani. Kondakta kasema, "Mama, abiria wananyeshewa." Nikarudi nyuma.

Chumbani walikuwa wamezima mashine. Sikumbuki kama niliwahi kukisikia kile chumba kikiwa kimya. Mvuke ulikuwa unashuka wenyewe, sura za watu zikawa zinatokea moja moja, nikaona kuna wengine wamezeeka tangu tutenganishwe.

Nikasema, "Zile furushi sikukunja mimi. Nilibadilisha vibandiko. Kosa la kubadilisha ni langu."

Karatasi kauliza, "Alikunja nani?"

Nikanyamaza. Niliapa usiku kucha kuwa nitasema, nikanyamaza.

Bi Kidoti akatoka dirishani. Kagonga meza mbili njiani. "Mimi. Sioni uzi, bosi. Sioni hata hiyo sura yako. Naona shati tu, jeupe. Nimeambiwa una sura nzuri."

Kuna aliyecheka kwa hofu.

"Kwa nini hukusema?" Karatasi kauliza.

"Nilipokuwa na mwenzangu sikuwa na cha kusema. Nilikuwa nakunja vizuri. Miaka kumi na moja, uliza hospitali, furushi lipi lilirudi? Ulipotuachanisha ukanipa nusu ya mikono, na nusu yenyewe ni ile isiyoona."

Karatasi kavua miwani yake kaifuta. Bila miwani anafanana na mtu aliyeamshwa. Kasema polepole, "Mimi nilitaka kila mtu aonekane. Kazini kwangu kwa zamani nilifanya kazi miaka minne, na siku naondoka bosi aliniita jina la mwenzangu." Kisha kaona aibu kwa kulisema hilo, kaingia ofisini.

Binti yangu kanipigia saa sita. Sitaandika alivyosema. Alikuwa analia zaidi ya kugomba. Kawabembeleza wale, wamempa mpaka Jumatatu asubuhi.

Ijumaa, 9 Mei

Karatasi mpya ukutani. Jozi zimerudi. Majina yamepangwa mawili mawili, na mbele ya langu kuna mstari mtupu. Nikasoma mpaka chini, nikarudi juu. Bi Kidoti hayumo.

"Zimeandikwaje, mdogo wangu?" kaniuliza, kasimama nyuma yangu. Sikuweza kusoma. Kwa kimya changu akajua. Kasema, "Haya," akaanza kutafuta mwavuli wake.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Karatasi alikuwa anakula peke yake kwenye bakuli, amefunua faili pembeni kana kwamba anasoma. Siku zote nilidhani anajifungia kwa kutudharau. Leo nikaona tu kwamba hakuna aliyewahi kumwita barazani.

"Mwandike," nikasema.

"Mama, macho yake…"

"Mwandike na mimi. Kibandiko kimoja, namba zote mbili. Uzi nitaushika mimi, matundu nitayaangalia mimi, kuvuta atavuta yeye. Furushi likirudi, tuite wote wawili."

"Na wewe si unaondoka? Nimesikia kuna hoteli."

Kumbe anajua. Nikakaa bila kukaribishwa. "Bosi, ile fomu yako niliweka nne, na nilikudanganya. Sikujua naulizwa nini. Nimeulizwa kama naipenda kampuni, na mimi kampuni siijui, sijawahi kukaa nayo. Ninapoamka alfajiri na mvua inapiga, ninayemwona ni yule mwanamke kashika kona mbili ananingoja. Ndiyo maana natoka kitandani. Ukimwandika, nipo. Usipomwandika, niambie ninakuja kwa nani?"

Mvua ilikuwa inapungua, nilisikia matone yanahesabika. Akaniuliza kitu nisichokitarajia: "Na mgonjwa wa juzi? Ningemjibu nini?"

"Mwambie watu wawili wanakitazama kitambaa chake sasa. Na mimi nitakwenda kumwomba radhi, kama sista ataniruhusu."

Akachukua kalamu, tukatoka. Kwenye ile karatasi yake ya ukutani, mbele ya jina langu, aliandika la Bi Kidoti kwa mkono, mwandiko mbaya kuliko wangu. Kisha kasema Bi Kidoti aende kwa daktari wa macho wiki hii, siyo ombi.

Aliporudi mlangoni pake nikamwambia, "Bosi, barazani kuna nafasi. Njoo na bakuli lako." Kasema atakuja. Hakuja leo.

Jumamosi, 10 Mei

Sista kaniruhusu. Mgonjwa alikuwa amelala, sikumwamsha. Shuka alilojifunika ni letu.

Jumapili, 11 Mei

Binti yangu kaja. Kakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Nimemwambia siendi.

"Mama, unaipenda hiyo kampuni kuliko mimi?"

"Kampuni gani, mwanangu?"

"Basi ni yule mwanamke."

Nikamweleza yote, na uzi na vibandiko na mgonjwa, mikono yangu yote miwili juu ya magoti yake. Kasikiliza. Mwisho kasema, "Mimi nilitaka nikuone kila siku tu. Nilijidai ni kwa ajili ya kifua chako." Kumbe na yeye anaogopa kama mimi, ila yeye anajua kuficha. Tumelia kidogo. Tumekubaliana kila Jumapili alale hapa, na mimi niende kupima kifua. Hakunisamehe sawasawa. Alipoondoka alinipa mkono kwanza, ndipo akanikumbatia.

Jumatatu, 12 Mei

Meza ya Bi Kidoti imerudi. Jua limechungulia asubuhi kidogo, mvuke ukawa wa dhahabu, chumba kizima kama ndani ya yai.

Nikashika kona mbili, yeye akashika mbili. Shuka likapanda, likashuka. Na hapo tukakwama. Wiki sita za kukunja peke yetu zimetuharibu. Mimi nilikwenda mbele na yeye akaja mbele, tukakutana katikati, paji kwa paji, shuka lote miguuni.

"Sasa nani anavuta?" nikamuuliza.

Alikuwa anacheka, macho yake yakinitafuta usoni na kunipita kidogo. "Nimechoka kuvuta miaka yote. Vuta wewe leo, nikuone."

Nikarudi nyuma hatua tatu. Nikavuta. Likapiga mlio wake, naye akaja.